Watoto 64 darasa la awali, hela ya zana hakuna: pa kuanzia

Mwalimu, umeuliza uanzie wapi shughuli za vitendo ukiwa na watoto 64 wa awali, chumba kimoja, bajeti sifuri, na wazazi wanaotaka kuona daftari limejaa. Waliokujibu kabla yangu wamekutajia zana za kila aina, ila hakuna aliyegusa idadi, na hapo ndipo shughuli hizi hufia. Mwalimu anakesha kutengeneza kadi moja nzuri, anaishika mbele ya darasa, watoto wanaitikia kwa pamoja, kipindi kimeisha. Aliyegusa kitu ni mwalimu peke yake.

Usitengeneze zana za watoto 64. Tengeneza za watoto 16. Gawa makundi manne, weka kona nne: kuhesabu, herufi, udongo, na kujenga. Kila siku kundi linakaa kona moja kwa dakika 20 hivi, kesho linahamia nyingine. Ikifika Alhamisi wote wamepita kote, Ijumaa unabaki na waliokosa shule na wale uliowaona wanasuasua. Wewe kaa kwenye kona ngumu ya wiki hiyo. Kona tatu zilizobaki ziwe na kazi ambayo watoto wameshaizoea, la sivyo utaitwa "mwalimu, mwalimu" mpaka uache.

Kuhesabu. Kusanya vizibo vya plastiki vya chupa za maji. Watoto 16 kwa vizibo 10 kila mmoja ni 160, ongeza 30 vya akiba kwa sababu vitapotea. Ukumbi wa harusi asubuhi ya Jumapili utakupa vyote kwa siku moja. Osha kwa sabuni, anika. Vile vya bati vya soda viache, meno yake yanakata vidole. Maharage na mahindi nayo sipendi kuyatumia kwa umri huu: punje ikiingizwa puani au sikioni inavimba kwa unyevu na kuitoa ni kazi ya hospitali. Na ole wako uokote mbegu za mbono, au zile nyekundu zenye doa jeusi zinazotungwa shanga. Zinapendeza sana na ni sumu.

Kisha tafuta trei za mayai za karatasi, zile za mayai 30. Zina mashimo 5 kwa 6, kwa hiyo ukikata kila baada ya safu mbili unapata vipande vitatu vyenye mashimo 10 kila kimoja, safu mbili za tano tano. Trei 6 zinakupa vipande 18, zinatosha kundi zima. Shimo moja, kizibo kimoja. Hapo ndipo utamwona mtoto anayeimba moja mpaka ishirini bila kukosea, lakini mkono wake umeweka vizibo sita na mdomo umeshafika tisa. Wimbo anao, hesabu bado. Mpunguzie, afanye mpaka 5 tu, aseme namba wakati kizibo kinaingia shimoni, si kabla.

Akishaweza, mwambie aweke 7. Safu ya kwanza imejaa, ya pili ina mbili: baada ya wiki chache anaona 7 bila kuhesabu kimoja kimoja. Uliza, "Bado mashimo mangapi?" Tayari anatoa na kujumlisha kabla hujamwandikia alama yoyote ubaoni. Kipimo changu cha mwisho ni hiki: akishahesabu 7, vitoe kwenye trei, vitawanye mezani, muulize viko vingapi. Akianza kuhesabu upya, bado hajajua kwamba wingi haubadiliki kwa kutawanywa. Usimsahihishe kwa maneno. Mwache ahesabu, kisha tawanya tena kwa namna nyingine.

Herufi. Anza na irabu a, e, i, o, u, halafu konsonanti chache zinazokupa silabi nyingi za maneno ya nyumbani: m, b, k, t. Fundisha sauti, usifundishe jina. Mtoto aliyekaririshwa "be" atakuja kusoma "baba" kama "be-a-be-a" na utashangaa tatizo limetoka wapi.

Kadi za kupapasa zinatengenezwa kwa boksi gumu, kipande cha sentimita 15 kwa 20. Chora herufi kwa penseli, paka gundi ya maji upana wa kidole cha mtoto, mwaga mchanga laini uliochekechwa kwa chujio la chai, acha ikauke usiku kucha, kung'uta. Gundi ikiwa nyepesi mno herufi inatanuka na tundu la "a" linaziba. Subiri dakika chache ishike kidogo kabla ya kumwaga mchanga. Weka kitone cha rangi mahali pa kuanzia. Bila kitone mtoto atapapasa kutoka chini kwenda juu, na mkono ukizoea hivyo kuurekebisha darasa la kwanza ni shughuli.

Baada ya kupapasa anaandika kwenye trei ya mchanga. Mifuniko ya ndoo kubwa inatosha, 8 kwa watoto 16 wawili wawili, mmoja anaandika mwingine anataja sauti, kisha wanabadilishana. Kina cha mchanga kisizidi sentimita moja. Ukizidi, mfereji unajifunika na herufi haionekani. Walioko pwani, mchanga wa bahari usuuze kwa maji baridi mara kadhaa kisha uanike, kwani chumvi inavuta unyevu na mchanga unabaki mabonge.

Udongo. Ule unga laini wa rangi unaouona mtandaoni unatengenezeka: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, vijiko 2 vya mezani vya mafuta, maji ya uvuguvugu robo tatu ya kikombe, uongeze kidogo kidogo hadi kikombe kizima. Unatosha watoto 10 hivi, kila mmoja donge la ukubwa wa yai. Ukinata ongeza unga, ukipasuka ongeza matone ya maji. Lakini sema kweli, mzazi ambaye nyumbani unga unapimwa akisikia shuleni unachezewa, atakuja juu, na ana haki. Udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu unafanya kazi ileile bure. Utwange, uuchekeche kuondoa miiba na vipande vya chupa, uloweke, ukande, uufunike kwenye ndoo usikauke. Kazi ya kona hii ni vidole: kuviringisha nyoka, kubana, kukata kwa kijiti. Mtoto anayekamata penseli kwa ngumi mara nyingi vidole vyake ni dhaifu tu, na kumkaripia hakuvitii nguvu. Nyoka wakishakuwa wembamba, wageuzwe kuwa irabu.

Kona ya kujenga haina maneno mengi: vipande vya mbao kwa fundi seremala, vipigwe msasa, na maboksi ya dawa ya meno.

Nje ya kona hizo nne, shughuli ya kuzama na kuelea ifanye nje na kundi moja moja, beseni lenye maji ya sentimita 10. Mtoto atabiri kwanza, ndipo aweke. Usiwaambie kizito kinazama, kwa sababu gogo linaelea na kokoto inazama, watakushinda. Chungwa lenye ganda linaelea. Limenye lote, liweke tena majini, sikiliza wanavyobishana. Ukimaliza mwaga maji hapo hapo, beseni lisibaki limejaa hata dakika moja bila mtu mzima.

Kurudisha vifaa nako ni somo. Kila kopo liwe na vizibo 10, kiongozi wa kundi anahesabu kabla ya kufunika; vikiwa 9, kundi haliondoki mpaka kipatikane.

Kuhusu daftari: waite wazazi siku moja, uwakalishe kwenye kona, mtoto wa kila mmoja amwoneshe mzazi wake 7 kwenye trei na "ma" kwenye mchanga. Daftari liwepo, ukurasa mmoja kwa wiki, mtoto aandike herufi aliyokwisha kuiandika mchangani wiki iliyotangulia.