Firefox haioni Flash niliyoipachika

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia na nina sidii ya masomo ya zamani yaliyotengenezwa kwa Flash, teknolojia ya zamani ya kuonyesha michoro yenye mwendo kwenye kivinjari. Kompyuta yangu inatumia Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux. Rafiki alinipa faili linaloitwa libflashplayer.so, nikalinakili kwenye folda ya .mozilla/plugins kama maelekezo ya zamani yanavyoagiza, nikafunga Firefox na kuifungua upya, lakini ukurasa wa somo unabaki mtupu. Nilitumia hata sudo, amri inayotoa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, kulipeleka katika /usr/lib/mozilla/plugins. Nimekosea wapi?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Hukukosea, Mwalimu, kwani folda zote mbili ulizotaja ndizo Firefox ilizokuwa ikizipekua enzi hizo. Kilichobadilika ni kivinjari chenyewe. Mwezi Machi 2017, toleo la 52 liliacha kupokea programu-jalizi (vipande vya programu vinavyopachikwa kwenye kivinjari, kama hilo faili lako) zote za mtindo huo isipokuwa Flash peke yake, na Januari 2021 toleo la 85 likaiondoa Flash nayo. Kwa hiyo faili lako limewekwa mahali ambapo hakuna anayelitafuta, na ndiyo maana hukuonyeshwa hata ujumbe wa kosa.

Zamani tungeanza kwa amri ya file libflashplayer.so, ili kujua kama programu-jalizi ni ya biti 32 ilhali kivinjari ni cha biti 64, maana viwili hivyo havipatani. Kisha tungetumia ldd kuona maktaba zinazokosekana. Leo hatua hizo zitakupotezea jioni nzima. Anza daima kwa kuangalia toleo la kivinjari, kwa amri ya firefox --version, kabla hujagusa faili lolote.

Huenda ukashawishika kutafuta Firefox ya kale. Sikushauri, kwa sababu matoleo hayo yana matundu ya usalama yasiyozibwa tena, na isitoshe Adobe, kampuni yenye Flash, iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, huku matoleo yake ya mwisho yakiwa yamewekewa kizuizi kinachokataa kucheza chochote kuanzia tarehe 12 Januari 2021. Faili la kupewa mkononi, lisilojulikana lilikotoka, nalo halistahili sudo. Lifute katika folda zote mbili.

Njia iliyo wazi ni Ruffle, programu huria inayoiga Flash bila kuhitaji chochote cha Adobe. Ipo kama kiendelezi cha Firefox, ambacho kinafaa kwa kurasa za mtandaoni, lakini kwa masomo yaliyo kwenye sidii ningechagua ile inayojitegemea. Pakua furushi la Linux kutoka tovuti ya Ruffle yenyewe, lifungue, ingia kwa terminali (dirisha la kuandikia amri) katika folda iliyopatikana, kisha andika ./ruffle ikifuatiwa na njia ya faili la somo lenye kiambishi .swf. Ukijibiwa kwamba ruhusa imekataliwa, andika chmod +x ruffle, ujaribu tena. Nakili folda nzima ya sidii kwenye diski ya kompyuta badala ya faili moja, kwa kuwa faili la kwanza mara nyingi huwa ni mlango tu unaoyaita mengine, na yasipokuwapo utaona menyu isiyofungua kitu.

Somo likikwama katikati, soma maneno yanayojitokeza kwenye terminali. Yakitaja faili lisilopatikana, rudi kwenye unakili wako. La sivyo, huenda somo hilo limeandikwa kwa ActionScript 3, lugha iliyokuja na Flash 9 mwaka 2006, ambayo Ruffle huielewa kwa upungufu kuliko zile za kabla yake. Jaribu toleo jipya zaidi la Ruffle.