Upotevu wa jozi 4,977 kwenye DNA ya mitokondria: je, unaleta saratani?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa baiolojia ya molekuli. Napima DNA ya mitokondria kwenye sampuli za saratani ya matiti, na kwa kila mgonjwa ninayo pia tishu ya pembeni isiyo na saratani. Nilitarajia kuukuta ule upotevu wa jozi za besi (herufi za DNA) 4,977 umejaa kwenye uvimbe. Badala yake umezidi kwenye tishu ya pembeni. Nimeharibu kipimo, au upotevu huu hauhusiani kabisa na saratani?

Jibu: Usiyatupe matokeo yako. Watafiti kadhaa waliopima saratani za matiti, ini na tumbo wamepata picha hiyohiyo: upotevu huu ni mdogo kwenye uvimbe kuliko kwenye tishu jirani. Nami naona hapo ndipo penye jambo la kufikiria.

Anza na molekuli yenyewe. DNA ya mitokondria, yaani ya viwanda vya nishati vya seli, ni duara la jozi za besi 16,569 lenye jeni 37, na jeni 13 kati ya hizo ndizo za protini. Upotevu wako hutokea kati ya vipande viwili vinavyofanana, kila kimoja kikiwa na herufi 13: ACCTCCCTCACCA. Wakati DNA inanakiliwa au mkatiko unarekebishwa, kipande cha kwanza hushikana na mwenzake wa mbali, na vyote vilivyo katikati hutoweka pamoja na nakala moja ya herufi hizo 13. Jeni saba za protini huondoka nzima au nusu, na pamoja nazo jeni tano za tRNA, molekuli zinazoleta asidi amino za kujengea protini. Hizo tano ndizo za kuangalia sana, kwa sababu molekuli isiyo nazo haiwezi kutengeneza hata protini moja kwa nguvu zake. Huishi kwa kutegemea molekuli nzima zilizo kwenye seli hiyohiyo.

Sasa fikiria seli inayogawanyika haraka. Molekuli mbovu zikifika kiwango fulani, mara nyingi karibu asilimia 60, mnyororo wa upumuaji wa seli, unaozalisha nishati, huyumba. Seli hiyo huachwa nyuma na wenzake, na kila mgawanyiko huzidi kuichuja. Kwenye misuli na neva mambo ni tofauti: seli hazigawanyiki, kwa hiyo molekuli mbovu hujikusanya kadiri mtu anavyozeeka. Ndiyo maana upotevu wa aina hii ulitambuliwa kwanza, mwaka 1988, kwa wagonjwa wa misuli, si wa saratani. Wagonjwa wa Kearns-Sayre, ugonjwa mmojawapo wa mitokondria, hubeba upotevu kama huu kwa wingi mno, lakini ugonjwa wao hujulikana kwa kupooza misuli ya macho na matatizo ya moyo, si kwa uvimbe wa saratani. Kama upotevu huu peke yake ungetosha kuanzisha saratani, kwao tungeiona waziwazi.

Dhana ya zamani kwamba seli ya saratani haina haja ya mitokondria nayo imepungua nguvu. Mwaka 2015 ilichapishwa kazi ya panya waliopandikizwa seli za saratani zilizonyimwa DNA ya mitokondria. Uvimbe ulichelewa kuota, na ulipoota, seli zake zilikuwa zimejipatia DNA ya mitokondria kutoka kwa panya mwenyewe. Uvimbe unahitaji upumuaji huo, si kwa nishati tu, bali pia kwa kutengeneza malighafi za DNA mpya.

Kuna eneo linalokwenda kinyume: onkositoma, uvimbe wa seli zilizosheheni mitokondria, hasa kwenye figo na tezi ya thairoidi. Humo mabadiliko yanayovunja jeni za mitokondria ni mengi, na kwenye tezi ya thairoidi hata upotevu wako umeripotiwa kwa kiwango cha juu. Kwa hiyo usiandike kwamba haujawahi kuwa na nafasi yoyote. Andika ni saratani gani unayoizungumzia.

Kuhusu kipimo, nina wasiwasi wa aina mbili. Kwanza, ukitumia PCR (mbinu ya kunakili DNA mara nyingi) ya kawaida yenye viambishi, yaani vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili (primers), vilivyo mbali, molekuli fupi hunakiliwa kwa urahisi zaidi, nawe utadhani zimejaa kumbe ni chache. Tumia PCR ya wakati halisi, au ya kidijitali ukiipata. Pima jeni ya ND1, iliyo nje ya eneo linalopotea, dhidi ya ND4 iliyo ndani yake, kisha pima kiungo chenyewe, yaani pale ncha mbili za DNA zilipoungana baada ya upotevu, kwa kiambishi kinachokipitia. Soma herufi za kiungo hicho angalau kwa sampuli chache: ukikuta nakala moja tu ya zile 13, una uhakika wa unachokipima. Toa matokeo kama uwiano, kwa sababu idadi ya nakala za mitokondria kwenye uvimbe hubadilika yenyewe.

Wasiwasi wa pili ndio mkubwa. Tishu ya pembeni ya titi ina mafuta mengi na seli za tishu unganishi, ilhali uvimbe umejaa seli za epitheli, zile za utando wa mirija ya titi. Ukisaga vyote vizima, unalinganisha aina mbili za seli, si saratani na afya. Omba mwanapatholojia akukatie seli za epitheli peke yake kwa darubini ya leza, hata kwa wagonjwa wachache. Tofauti ikibaki baada ya hapo, una hoja nzuri kwamba uvimbe umezichuja molekuli mbovu.