Maswali na majibu: kupakua video ukiwa ndani ya Emacs

Safu hii inajibu maswali ya wasomaji ambao tayari wanaandikia ndani ya Emacs, ile programu ya kuhariri maandishi ya mradi wa GNU iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1985, na ambao sasa wanataka kazi ya kupakua video za mtandaoni ifanyike humohumo bila kufungua dirisha jingine.

Je, Emacs yenyewe inaweza kupakua video, au ni lazima niweke programu nyingine? (Msomaji, Morogoro)

Emacs haipakui video. Inachofanya ni kuita programu nyingine, kuonyesha majibu yake na kukuachia uendelee kuandika. Programu inayofanya kazi yenyewe ni yt-dlp, iliyoandikwa kwa lugha ya Python na iliyochipuka mwaka 2021 kutoka katika mradi wa zamani wa youtube-dl, ambao ulianza mwaka 2006. Utahitaji pia ffmpeg, kwa sababu YouTube hutoa picha na sauti za video zenye ubora mkubwa katika mikondo miwili tofauti, na bila ffmpeg hakuna wa kuiunganisha iwe faili moja.

Ukishaziweka hizo mbili, bonyeza Alt pamoja na &, kisha andika yt-dlp ikifuatiwa na kiungo cha video. Emacs itafungua bafa mpya (ukurasa wake wa ndani) ambamo utaona asilimia zikipanda, na kazi yako nyingine haitasimama. Ukitaka kuikatiza, ingia katika bafa hiyo na ubonyeze Ctrl-c mara mbili. Kiungo kifungwe ndani ya alama za nukuu daima, kwa kuwa viungo vya YouTube mara nyingi vina alama ya & katikati, nayo mfumo wa amri huisoma kama mwisho wa amri na kukitupa kipande cha kiungo kinachofuata.

Nimesikia kuna kifurushi (nyongeza ya Emacs) kiitwacho ytdl. Nikitumie, au niandike amri zangu mwenyewe? (Msomaji, Eldoret)

Kifurushi hicho kipo katika MELPA, hazina ya mtandaoni ya nyongeza za Emacs, na kinafanya kazi. Amri yake ya ytdl-download hukuuliza kiungo na aina ya faili unayotaka, na ytdl-show-list hukuonyesha orodha ya yale uliyoyaagiza. Ukikiweka, hakikisha kigezo cha ytdl-command kinaelekeza kwenye yt-dlp na si kwenye youtube-dl.

Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba mtu anayeanza asikimbilie kifurushi. Nguvu ya kufanya kazi hii ndani ya programu ya kuhariri maandishi iko katika orodha, na orodha ni maandishi. Fungua faili liitwalo orodha.txt ndani ya folda ya video zako, ambayo katika mfano huu ni ~/Video/, andika kiungo kimoja katika kila mstari, na juu ya kila kiungo weka maelezo yako yakianza na alama ya #, kwa mfano «# somo la umeme wa jua, sehemu ya pili, la kutazama kabla ya Jumamosi». Mistari inayoanza na # hairukiwi na macho yako, lakini yt-dlp huiruka. Video usiyoitaka leo iwekee # mbele ya kiungo chake nayo itasubiri. Ukiitaka kesho, ifute alama hiyo. Kisha ongeza mistari hii katika faili lako la mipangilio ya Emacs:

```
(defun pakua-orodha ()
  (interactive)
  (let ((default-directory "~/Video/"))
    (async-shell-command
     "yt-dlp -S res:480 --no-playlist --download-archive zilizokwisha.txt -a orodha.txt"
     "*Upakuaji*")))
```

Ukishaifunga Emacs na kuifungua upya, Alt-x pakua-orodha itatosha. Kipande cha --download-archive ndicho chenye thamani kubwa zaidi: kila video inayomalizika huandikiwa mstari katika zilizokwisha.txt, kwa hiyo unaweza kuiendesha orodha ileile kila siku na yt-dlp itachukua mapya tu. Jambo moja huwasumbua wengi, nalo ni kwamba yt-dlp husoma faili lililo kwenye diski, si kile unachokiona kwenye kioo. Kiungo ulichokibandika bila kuhifadhi faili, kwake hakipo.

Bando langu linaisha haraka sana. Nifanyeje ili video ziwe ndogo, na zipakuliwe usiku ambapo bando ni nafuu? (Msomaji, Mwanza)

Tuanze na ukubwa. Ukiendesha yt-dlp -F pamoja na kiungo, hakuna kitakachopakuliwa. Utaonyeshwa jedwali la miundo yote ya video hiyo, na mara nyingi pia makadirio ya ukubwa wa kila mmoja. Video inayotiririka kwa megabiti 1 kwa sekunde hula takriban MB 450 kwa saa, na kwa megabiti 4 italipita GB 1.5, kwa hiyo kuchagua ubora wa kati si jambo dogo. Kile kipande cha -S res:480 katika amri yetu kinaiambia yt-dlp ichukue ubora wa juu kabisa usiozidi 480. Kama ni hotuba au mhadhara ambao hauna picha za maana, tumia -x upate sauti peke yake.

Mlaji mwingine wa bando hajulikani na wengi. Ukiifungua video kutoka ndani ya mfululizo, kiungo chake hubeba neno list=, na yt-dlp isipokatazwa itapakua mfululizo mzima, hata kama una video hamsini. Ndiyo sababu nimeweka --no-playlist.

Kuhusu usiku, Emacs ina amri ya run-at-time inayoweza kuendesha kazi baadaye, lakini ina mtego. Tuseme ni saa nne usiku nawe unataka upakuaji uanze saa sita na nusu, ukaandika "00:30". Emacs itaielewa kuwa ni 00:30 ya tarehe ya leo, ambayo ilikwisha kupita alfajiri, na itaanza kupakua papo hapo kwa bando la bei ya mchana. Afadhali uhesabu muda wa kusubiri:

```
(run-at-time "150 min" nil #'pakua-orodha)
```

Emacs ibaki wazi, na kompyuta izuiwe isilale, la sivyo saa itafika na hakuna kitakachotendeka.

Umeme ulikatika video ikiwa imefika asilimia 80. Je, nianze upya? (Msomaji, Kigoma)

Hapana. Tafuta faili lenye mwisho wa .part, usiliguse, kisha urudie amri ileile katika folda ileile, nayo kwa kawaida itaendelea pale ilipoishia.

Folda yangu imejaa faili zenye majina marefu yasiyosomeka. Naweza kuzipanga bila kutoka Emacs? (Msomaji, Zanzibar)

Hapa ndipo Emacs inapozishinda programu nyingi zilizobuniwa mahsusi kwa ajili ya video. Bonyeza Ctrl-x kisha d, chagua folda, na utaingia katika Dired, yaani orodha ya faili. Herufi s huzipanga kwa tarehe. Ukibonyeza & juu ya faili na kuandika mpv, video itafunguka katika kichezeshi cha mpv. Sasa bonyeza Ctrl-x Ctrl-q: majina yote ya faili yanageuka kuwa maandishi ya kawaida unayoweza kuyahariri, kutafuta neno na kubadilisha lingine katika majina yote kwa mkupuo, na ukimaliza ukabonyeza Ctrl-c mara mbili, faili zote hupewa majina mapya kwa pamoja. Mtu aliyewahi kubadilisha majina ya faili arobaini kimoja kimoja kwa kipanya ataelewa kwa nini ninaitaja.

Kwa video zijazo, ongeza -o '%(upload_date)s-%(title)s.%(ext)s' katika amri yako ili kila jina lianze na tarehe video ilipowekwa mtandaoni, pamoja na --restrict-filenames inayoondoa nafasi na alama za ajabu. Na ukifuta video kisha ukaitaka tena, yt-dlp itakataa kuileta kwa sababu imeshaandikwa katika zilizokwisha.txt, tafuta mstari wenye herufi 11 za utambulisho wa video hiyo, uufute, kisha uhifadhi faili.

Je, jambo hili linaruhusiwa kisheria? (Msomaji, Nairobi)

Inategemea video. Masharti ya YouTube hayaruhusu kupakua isipokuwa pale huduma yenyewe inaporuhusu au pale YouTube, pamoja na mwenye haki inapohusika, wanapotoa kibali cha maandishi, na hakimiliki zinalindwa na sheria, ikiwemo ya mwaka 1999 kwa Tanzania na ya mwaka 2001 kwa Kenya. Video zako mwenyewe, na zile zilizotolewa kwa leseni za Creative Commons au kuwekwa huru na wenyewe katika Internet Archive, ni uwanja salama zaidi. Kupakua filamu ya mtu na kuiuza kwenye flashi ni jambo jingine kabisa, na Emacs haikupi kinga yoyote.

Ilikuwa inafanya kazi vizuri, ghafla imeanza kutoa makosa. Tatizo ni Emacs? (Msomaji, Bujumbura)

Ni nadra sana tatizo kuwa Emacs. Nakili amri ileile uiendeshe katika terminali ya kawaida. Ikishindwa huko pia, tatizo ni yt-dlp au tovuti. YouTube hubadilisha mambo yake mara kwa mara, na toleo la yt-dlp la miezi michache iliyopita linaweza kuwa limepitwa. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025, yt-dlp inahitaji pia programu ya kuendesha JavaScript, kama vile Deno, ili ishughulikie YouTube kikamilifu, na hilo limewakwamisha wengi waliosasisha bila kuiweka programu hiyo. Kusasisha kwenyewe hufanywa kwa njia uliyotumia kuiweka: kama ulipakua faili lake moja kwa moja, yt-dlp -U inatosha, kama uliiweka kwa pip (kisakinishi cha programu za Python) au kupitia hazina ya mfumo wako wa Linux, amri hiyo haitaisasisha, na utapaswa kutumia pip au hazina hiyohiyo.