Mazoezi hayachukui nafasi ya dozi

"Shangazi, asalamu alaykum. Nina miaka 31, nakaa Mwanakwerekwe. Nilitumia unga, yaani heroini, miaka minane, na huu ni mwezi wa saba nakunywa methadoni. Nimeanza kukimbia kilomita tano. Siku ya kwanza nilitapika, ya tatu miguu ikanitetemeka nikadhani arosto, yale maumivu ya kukosa unga, imerudi. Kikohozi hakijaniacha tangu mwezi uliopita. Nataka niache dozi, mazoezi yawe ndiyo dawa yangu. Nikitoka alfajiri kaka yangu huamini nafuata unga, na viatu vyake amevifungia kabatini."

Waalaykumu salamu, mwanangu. Kukimbia kwako kumenifurahisha, ila maneno yako kuhusu dozi nimeyasoma mara mbili. Methadoni hushika zile sehemu za ubongo ambazo unga ulizizoea, ndiyo maana ukiinywa kila siku arosto haikupati. Mazoezi yatakupa usingizi, hamu ya kula na moyo mwepesi, lakini kazi hiyo ya kwanza hayaiwezi. Anayekatisha dozi ghafla kwa kuwa kifua kimeanza kutanuka hurudiwa na maumivu baada ya siku chache, na akiteleza akatumia kiasi chake cha zamani, mwili uliokwisha kuzoea kukaa bila unga unaweza kuacha kupumua. Dozi hupunguzwa, tena kidogo kidogo, lakini pamoja na daktari wa kliniki yako, si kwa hesabu yako.

Kikohozi kilichopita wiki mbili hakisubiri. Kabla hujakimbia tena, nenda kapimwe kifua kikuu, na ukikutwa nacho mweleze anayekupa dawa kwamba unakunywa methadoni, kwa sababu rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, huipunguza nguvu methadoni mwilini, ukaamka na arosto ukajilaumu bure.

Kule kutapika na kutetemeka naona ni haraka tu. Mwili ulioishi miaka minane kwa chai na sigara (nakisia, lakini nimewaona wengi) haudaiwi kilomita tano kwa siku moja. Kifua kikishapimwa, anza kwa kutembea dakika 15, ukishakula japo kipande cha muhogo, kisha uongeze taratibu mpaka dakika 30 kwa siku tano. Hizo ndizo dakika 150 za wiki ambazo Shirika la Afya Duniani huzipendekeza kuwa kiasi cha chini kwa mtu mzima. Misuli ikiuma, usipokee tramadoli ya rafiki wa mazoezini, kwani ukoo wake na wa unga ni mmoja.

Hukunieleza njia unayopita, na hilo linanishughulisha kuliko kasi yako. Ikiwa inapita penye maskani yenu ya zamani, ibadilishe hata kama utazunguka. Viwanja vya Maisara huwa na vikundi vya mazoezi. Ukijiunga na kimoja, siku usipotokea kutakuwa na mtu wa kukuulizia. Na ikiwa hamu ya unga hukujia zaidi alasiri, basi yahamishie mazoezi alasiri, saa ambayo hata kaka yako anakuona unapotoka na unaporudi.

Viatu usimwombe akufungulie. Alikuwa na sababu ya kuvificha, na bila shaka unaijua. Mwombe atembee nawe Ijumaa moja baada ya sala ya alasiri, mpaka uwanjani na kurudi. Akikataa, nenda, na Ijumaa ya pili mwombe tena.