Maswali Yenu: Oneko wa Nakuru, Russia ya Kisumu na Mengine

Ni kweli babake Barack Obama alisafiri kwa ndege ya Tom Mboya mwaka wa 1959? (Msomaji, Kondele)

La, na swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Ndege ile, aliyoipanga Mboya kuwapeleka vijana wetu kusoma Marekani, iliondoka Septemba 1959 na wanafunzi 81, naye Obama mzee hakuwamo. Alifika Hawaii mwaka huohuo kwa njia nyingine. Tafadhalini, acheni kusambaza kila ujumbe unaoingia kwenye simu.

Kisumu iliitwa Port Florence kwa heshima ya malkia gani? (Mwanafunzi, Ahero)

Hakuwa malkia. Florence alikuwa mke wa Ronald Preston, mhandisi wa reli iliyofika ziwani Desemba 1901. Wakati huo Kisumu ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, hadi 1902.

Kwa nini unamwita Achieng' Oneko kiongozi wa Nakuru, na kwao ni Uyoma? (Msomaji, Bondeni)

Kwa sababu watu wa Nakuru ndio waliompigia kura. Mwaka wa 1963 alichaguliwa mbunge wa Nakuru Mjini, akawa waziri wa habari. Alikuwa mmoja wa wale sita walioshtakiwa na mkoloni huko Kapenguria kwa madai ya kuongoza Mau Mau, pamoja na Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei na Karumba. Alishinda rufaa, lakini mkoloni hakumwachilia; alimweka kizuizini tu. Uhuru ulipokuja akafungwa tena, mara hii na serikali aliyoipigania: kizuizini kuanzia 1969 hadi 1975.

Swali lako limeniuma, ndugu yangu. Mboya naye, mtoto wa Rusinga, aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1957 kwa kura za Nairobi. Wazee wetu hawakumuuliza mtu kwao ni wapi kabla ya kumsikiliza. Siku hizi kila shujaa anarudishwa kijijini kwao kama mzigo uliokosa mwenyewe. Kijana wa Nakuru, anayekujia na maneno ya "mtu wetu" wakati wa kampeni, mwulize kwanza kama anamjua Oneko.

Koitalel arap Samoei alifia vitani? (Msomaji, Kapsabet)

Hapana. Wanandi, chini ya uongozi wake, walipambana na Waingereza kwa miaka kumi hivi. Tarehe 19 Oktoba 1905 aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, na Richard Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Waingereza, akampiga risasi palepale. Mwalimu anayeandika ubaoni "alifariki vitani" anamfichia muuaji aibu yake. Futa, andika "aliuawa".

Jaramogi Oginga Odinga alikataa uongozi mpaka Kenyatta aachiliwe. Ilikuwaje basi wakakosana? (Mama msomaji, Nyalenda)

Shikamoo, mama. Ni kweli: Juni 1958, mbele ya wabunge waliomzomea, Jaramogi alisimama akasema kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa bado ndio viongozi wa watu. Wakati huo kumtaja Kenyatta tu kulikuwa hatari.

Ugomvi ulikuja baadaye, juu ya ardhi na urafiki na nchi za kikomunisti za Mashariki. Machi 1966, katika mkutano wa KANU, chama tawala, huko Limuru, cheo chake cha makamu wa chama kiligawanywa kwa watu wanane. Aprili akajiuzulu umakamu wa rais, akaingia KPU, chama cha upinzani. Sheria ikabadilishwa mbio mbio ili wabunge waliomfuata warudi kwa wapiga kura, na Oneko akapoteza kiti cha Nakuru.

Kisha ikaja 25 Oktoba 1969. Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, miezi michache tu baada ya Mboya kuuawa. Yeye na Jaramogi wakarushiana maneno hadharani, umati ukachacha, walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Wenyeji hawajawahi kuikubali hesabu hiyo. Siku tano baadaye KPU ikapigwa marufuku. Mpaka leo ukimwambia mwenye boda boda "nipeleke Russia," anakufikisha kwenye lango la hospitali hiyo bila kuuliza swali. Wako watu mtaani kwako, mama, waliokuwepo siku ile. Mpe mjukuu daftari, aandike majina wanayoyakumbuka, na umri wa kila aliyeanguka.

Mboya amezikwa wapi? (Msomaji, Kakamega)

Rusinga, kaunti ya Homa Bay. Alipigwa risasi Nairobi 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38. Kaburi lake limejengewa jengo lenye umbo la risasi. Panda feri Luanda Kotieno ushukie Mbita. Kutoka hapo unaingia kisiwani kwa barabara.