Gaweni maji kwa hesabu ya Oktoba

Ndugu zangu mlioanza kazi kwenye bodi za mabonde ya mito ya Tanzania, zinazogawa maji na kutoa vibali, mwaka huu, nimepitia rasimu zenu za mgao wa maji na nimekereka. Karibu zote zinagawa kwa wastani wa mtiririko wa mwaka. Sisi tulilifanya kosa hilo, waliotufuata wakalirudia, na sasa ni ninyi, ilhali Sera ya Taifa ya Maji na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 mnazo mezani. Nawapenda, ndiyo maana nawaambia mapema.

1. Mwezi mgumu, kama Oktoba mwishoni mwa kiangazi, ndio unaoamua. Nilipokuwa mpya niliandaa mapendekezo ya vibali vya mto mmoja mdogo. Nikachukua takwimu za kituo cha kupimia, nikajumlisha masika na kiangazi, nikagawanya, nikaona maji yamebaki tele. Waombaji wote wa juu wakapata walichoomba. Masika yalipita salama. Ilipofika Septemba, mabanio ya juu, yaani vizuizi vya kuingizia maji mferejini, yaliendelea kuchukua kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye vibali, na vitongoji vya chini vikabaki na mchanga. Kina mama walikuwa wanafukua mkondo kutafuta maji ya kunywa. Mzee mmoja wa jumuiya ya watumia maji aliniuliza kama niliwahi kuuona mto ule mwezi wa tisa. Sikuwahi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna mkulima aliyevunja sheria. Sheria inatanguliza maji ya nyumbani, kisha ya mazingira, kabla ya mengine yote. Mimi ndiye niliyewapa wakulima karatasi inayopindua mpangilio huo. Na kibali kikishatolewa, kukipunguza ni vita, maana mwenye nacho ameshalima na ameshakopa. Walioinusuru hali ni wanajumuiya wenyewe, waliokaa wakapangiana zamu za kufungulia mifereji kiangazi.

Mkitaka kuliona kosa hili kwa ukubwa wake, someni habari za Ruaha Mkuu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Huko juu, kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu, mifereji mingi iliendelea kuchota hata baada ya mpunga kuvunwa. Chini kuna bwawa la umeme la Mtera, na chini zaidi la Kidatu. Anayefunga lango la mfereji Usangu anagusa wanyama, samaki na umeme kwa mkono mmoja.

2. Kituo cha kupimia kilichosombwa na mafuriko kiingie kwenye bajeti kabla ya semina.

3. Fedha nazo zina kiangazi chake. Msipange kazi kwa bajeti iliyoidhinishwa. Ulizeni miaka iliyopita zilitolewa kiasi gani, na robo ipi. Mfuko wa Taifa wa Maji unapata shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na ni msaada mkubwa, lakini kila mahali fedha hukimbilia mabomba na matangi kwa sababu yana siku ya kuzinduliwa. Kupanda miti kwenye kidakio, yaani eneo linalokusanya maji ya mto, hakuna anayekata utepe. Kwa hiyo ada za watumiaji zilindeni kwa wivu. Anayechota bila kibali halipi na wala hahesabiwi, hivyo kumrasimisha ni kupata takwimu na mapato kwa safari moja.

4. Mita 60 za hifadhi ya chanzo zipimeni pamoja na wanakijiji, vigingi vikiwekwa mbele ya macho yao. Vigingi vya usiku hung'olewa usiku.

5. Mabonde yetu 9 hayafuati mipaka ya mikoa. Washirikisheni wenzenu wa kilimo, mifugo na nishati mapema, rasimu ikiwa bado ya penseli, kisha fuateni ofisi za mipango za halmashauri kabla hazijafunga bajeti zao. Mpango shirikishi wa bonde ukikosa kifungu cha fedha kwenye halmashauri yenye chanzo, chanzo hicho kitasubiri mwaka mwingine mzima, na wanaolima kingoni hawatasubiri.