Andika jina lake lote: nilichojifunza kwenye daftari la saiti

Kijana aliyeanguka tulimwita Micheweni. Ndiko alikotoka, kaskazini ya Pemba, na saiti yetu ya ujenzi ya Kiembe Samaki, Unguja, ilikuwa na watu watatu wa huko: Micheweni Mkubwa, Micheweni Mdogo, na yeye, Micheweni basi. Mimi nilikuwa karani. Kila asubuhi nikikaa juu ya tofali karibu na tangi la maji, daftari gotini, nikiwaandika wanavyoingia. Siku ile ukurasa wangu ulikuwa na watu kumi na tisa. Fundi Chuma. Babu. Mtumbatu. Micheweni. Hapakuwa na hata mmoja niliyemwandika kwa jina alilopewa na wazee wake.

Kiasi cha saa tano asubuhi ubao wa jukwaa ukakatika. Alishuka nao kutoka ghorofa ya kwanza mpaka kwenye fungu la kokoto, na paja likavunjika. Tulimpakia kwenye gari ya mchanga tukampeleka hospitali, na pale mapokezi nikaulizwa jina lake. Nilikuwa nimefanya naye kazi miezi miwili na sikulijua.

Baada ya siku tatu kaka yake akavuka na boti kutoka Mkoani. Alikuja saiti kwa adabu, akatusalimia sote, kisha akauliza ndugu yake atahudumiwa na nani. Mkandarasi akasema kijana yule si wake, ni wa fundi. Fundi akasema na yeye aliletewa tu. Basi wakanigeukia mimi mwenye daftari. Nilimfungulia ukurasa, naye akapitisha kidole polepole juu ya penseli yangu mpaka alipofika pale palipoandikwa "Micheweni".

"Huyu ndiye ndugu yangu?"

Nikamwambia ndiye. Akauliza alikuwa akilipwa kiasi gani kwa siku. Sikuwa na jibu, kwa sababu ujira wote wa genge niliuandika kwa mkupuo mmoja chini ya jina la fundi. Fidia ya mfanyakazi aliyeumia huangalia mambo mawili kabla ya mengine: alikuwa mwajiriwa wa nani, na akipata nini. Daftari langu halikuweza kujibu hata moja. Kijana wa watu alipewa nauli na pesa za dawa, akarudi kwao. Mpaka leo anachechemea.

Tangu siku ile nimeandika daftari kwa namna nyingine, na ndiyo ninayotaka kukueleza wewe unayeanza ukarani, au unayejenga nyumba yako mwenyewe na umeweka vibarua kumi ukidhani sheria ni ya makampuni makubwa tu.

Kila mtu anayeingia, hata kama ni wa siku moja ya kumwaga zege, naandika majina matatu, shehia anayokaa, namba ya kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi kama anacho, simu ya jamaa wa karibu, kazi aliyopewa, nani kamleta, na ujira wake wa siku. Saa ya kuingia na saa ya kutoka. Akipokea pesa anatia saini au dole gumba mbele yangu, kila mtu kwa mkono wake, si fundi kwa niaba ya watu wanane. Jina la utani naliandika pembeni, maana ndilo atakaloitwa juu ya jukwaa. Lakini liwe pembeni.

Natumia daftari lenye jalada gumu, na kurasa zake nazipa namba mwenyewe kabla sijaandika neno la kwanza, ili ukurasa ukichanwa pengo lionekane. Kalamu ya wino. Nikikosea nakata mstari mmoja, kosa libaki likisomeka, naandika sahihi yake pembeni na kutia saini. Daftari lililofutwafutwa halimsaidii mtu yeyote. Na naandika siku ile ile, pale pale. Karani anayejaza wiki nzima jioni ya Alkhamisi kwa kukumbuka anatunga, hata kama nia yake ni safi.

Sasa kuhusu sheria, maana hapa watu wengi wanapotea. Ukitafuta kwenye simu utaletewa kwanza sheria za Bara, na habari za OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa huko. Hizo zimewekwa kwa Tanzania Bara. Mambo ya kazi na ajira si ya Muungano, na Zanzibar tuna zetu: Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005, Sheria ya Usalama na Afya Kazini Na. 8 ya 2005, na sheria yetu ya fidia kwa wafanyakazi. Nilishamwona msimamizi, mtu msomi, kabandika ukutani fomu ya ajali ya Bara na akaamini kamaliza. Nenda ofisi za kazi hapa Unguja au Pemba, chukua fomu za hapa, waulize ajali ipi inaripotiwa na kwa muda gani. Uende kabla ya kuchimba msingi. Siku mtu kalala hospitali hutakuwa na akili ya kusoma fomu.

Daftari la ajali liwe peke yake, lisichanganywe na mahudhurio. Ndani yake naandika hata ajali iliyokosa kutokea: tofali limeanguka halikumpata mtu, ubao umelia mtu akaruka. Ule ubao wa Kiembe Samaki ulikuwa umelia siku mbili kabla. Fundi Chuma alisema kwa sauti, sote tukasikia, na hapana aliyeandika. Ingekuwa imeandikwa, na chini yake ipo nafasi ya kujaza "nani kaubadilisha na lini", nafasi ile ingekuwa wazi na ingemsumbua mtu. Leo jukwaa kwangu halipandwi asubuhi kabla ya mtu mmoja kulikagua na kutia saini, na baada ya mvua kubwa ya masika linakaguliwa tena.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kihistoria, ilipoanguka pale Forodhani, ikiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha, mimi nilikuwa na swali moja siku nzima: kwenye saiti yangu, jengo likianguka sasa hivi, naweza kuwataja walio ndani? Ndiyo maana saa ya kutoka naiandika kwa ukali ule ule wa saa ya kuingia, hata mtu akienda msikitini tu Adhuhuri na kurudi. Wengine hukasirika. Nawavumilia.

Zege nalo lina kumbukumbu zake. Siku ya kumwaga naandika hali ya hewa, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya mifuko ya saruji, kipimo cha mchanganyiko, na sehemu iliyomwagwa. Tunajaza zege kwenye vibweta vya sentimita 15 kila upande, kila bonge linalotoka linaandikwa tarehe, na yanakwenda kupimwa nguvu siku ya 7 na ya 28. Majibu yanabandikwa kwenye ukurasa wa siku ile ile. Mchanga naweka karatasi ya kibali na ya gari iliyouleta, maana hapa kwetu mchanga hauchimbwi ovyo, na wa pwani wenye chumvi unakula nondo. Kwa Mji Mkongwe, kibali cha Mamlaka ya Hifadhi kikae saiti, pamoja na picha za ukuta kabla hujaugusa. Picha za simu ni nzuri lakini zichape. Simu yangu moja iko chini ya bahari ya Malindi ya hapa Unguja na picha za nyumba nzima.

Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja wa Makunduchi kuchanganya udongo na chokaa. Nilipomuomba majina matatu alikataa, akasema anajua yakishaandikwa yanapelekwa kwenye kodi. Nikamkalisha juu ya mfuko wa chokaa, nikamhadithia habari za kijana wa Micheweni na kaka yake, na kile kidole juu ya ukurasa. Alinyamaza kidogo.

"Haya, andika," akasema. Akanitajia jina lake, la baba yake, la babu yake, kisha, bila kuulizwa, jina la mkewe na namba ya simu ya mwanawe wa kwanza.